Mgeni yuko ghorofa ya tatu na kengele inalia: njia nne za kumtoa

Miaka michache iliyopita nilikuwa msimamizi wa jengo moja la ghorofa nne hapa Arusha mjini, tukafanya zoezi la kujiokoa. Kengele ikalia, watu wakashuka, mlinzi akajipanga getini na daftari la wageni. Baada ya dakika sita tulikuwa wote chini ya mjakaranda tunapongezana, wengine wameshaagiza chai kwa mama wa jirani. Simu yangu ikaita.

"Kaka, nawaona hapa dirishani," sauti ikasema. "Mmependeza kweli. Mimi bado niko ghorofa ya tatu."

Alikuwa mgeni wa kikao, anatumia kiti mwendo, na namba yangu aliitoa kwenye barua ya mwaliko. Asubuhi alipanda kwa lifti. Kengele ilipolia lifti ikazimwa, kama inavyotakiwa. Wenzake wa kikao waliambiwa washuke, wakashuka, kila mmoja akidhani mwenzake amebaki naye. Kwenye daftari jina lake lilikuwepo, saa ya kuingia ilikuwepo, hata sababu ya ujio. Hakukuwa na neno lolote la kutuambia kwamba kwake ngazi ni sawa na ukuta.

Mfanyakazi mwenye ulemavu ni rahisi kumpangia. Mnakaa naye, mnaandika mpango wake mwenyewe: nani anakwenda kumchukua, anapita ngazi zipi, anatumia kifaa gani. Mgeni hana faili. Anakuja saa nne, anaondoka saa sita, kesho anakuja mwingine usiyemjua, na ulemavu wake huenda huuoni kwa macho. Kwa hiyo mpango wa mgeni lazima uwe umekaa kwenye jengo lenyewe kabla hajafika. Nimekutana na njia nne ambazo watu wa majengo ya Arusha na Moshi huzijadili, na mara nyingi hubaki katikati wasijue washike ipi. Hapa nazilinganisha.

Sheria zipo. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na Ibara yake ya 11 inazungumzia usalama wao wakati wa hatari. Mwaka uliofuata ikaja Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010. Lakini ni ngazi zipi, chumba kipi na mikono ya nani, hilo utaliamua wewe msimamizi. Wala usiseme zimamoto watamaliza kila kitu. Piga 114 mara moja, ndiyo, ila foleni ya Barabara ya Sokoine saa kumi na moja jioni unaijua. Dakika za kwanza ni za waliomo ndani.

Tunapima kwa nini

Kila njia nimeipitisha kwenye maswali matano yaleyale.

Kujulikana: je, inafanya kazi hata kama hukujua mtu huyu anakuja?

Moshi na giza: umeme ukikatika, bado ipo? Kitu chochote kinachotegemea lifti ya kawaida, taa isiyo na betri au spika ya ukutani kihesabu kuwa hakipo. (Ziko lifti zilizojengwa maalumu kutolea watu wakati wa moto, zenye umeme wake na kuta za kuhimili moto. Kama jengo lako linayo, ungeshajua kwa bei uliyolipa.)

Mikono: wanahitajika watu wangapi, wafunzwe kiasi gani, na saa saba mchana wakiwa wamekwenda kula itakuwaje?

Fedha: za kununua, na za kutunza, ambazo ndizo husahaulika.

Heshima: mgeni anaulizwa, au anabebwa kama gunia?

Na tusiweke kiti mwendo peke yake akilini. Yumo kiziwi aliye chooni ambaye hakusikia kengele. Yumo asiyeona anayelijua jengo lako kwa hatua alizohesabu wakati wa kuingia, nawe unamtoa kwa mlango mwingine. Yumo mwenye ualbino ambaye macho yake hayaoni ukingo wa ngazi kwenye mwanga hafifu. Yumo mama mwenye mimba ya miezi minane, mzee wa magoti, mwenye pumu, na kijana ambaye kelele ya king'ora humfanya ajikunyate chini ya meza asiondoke.

Kabla ya njia yoyote: swali la mapokezi

Yule mgeni wetu tulimfuata juu, watu wanne, tunahema, tayari kumnyanyua. Akatucheka. "Mngeniuliza asubuhi ningewaambia. Mimi hushuka mwenyewe kwa makalio, ngazi moja moja. Ninachotaka ni mtu wa kunibebea kiti." Akashuka hivyohivyo, mikono ikifanya kazi ya miguu, na nakiri alinipita mimi niliyekuwa nimebeba kiti. Mwaka 2012 Spencer West, mzaliwa wa Marekani asiye na miguu, alifika kileleni Kilimanjaro sehemu kubwa ya njia akitembelea mikono. Mtu wa namna hiyo angeweza kushuka mlima akaja Moshi mjini, akapanda ofisini kwako, na siku ya kengele ukaanza kumwita "huyu hajiwezi".

Kwa hiyo swali ni moja, na anaulizwa kila anayesaini daftari, awe anachechemea au anatembea kama askari: "Ikitokea dharura tukalazimika kutoka haraka kwa ngazi, utahitaji msaada wowote?" Ukimuuliza kila mtu, hakuna anayejisikia kunyooshewa kidole, na hapo ndipo mwenye ugonjwa wa moyo anaposema. Akisema ndiyo, swali la pili: "Ungependa tukusaidieje?" Jibu liandikwe kwa maneno yake, pamoja na ghorofa anakokwenda, kwenye karatasi ambayo mgeni anayefuata hataisoma. Akitoka, karatasi ichanwe.

Njia zote nne zinaanzia hapa. Tofauti yao ni kiasi gani cha madhara utapata ukisahau kuuliza.

Asubuhi moja, mnara mmoja

Kuna mfano ninaourudia kila ninapozungumza na wasimamizi wenzangu. Tarehe 11 Septemba 2001, katika mnara wa kaskazini wa World Trade Center huko New York, uliogongwa na ndege ya magaidi ukaanguka, walikuwemo watu watatu wenye ulemavu ambao habari zao zinajulikana. Michael Hingson, asiyeona, alishuka kwa ngazi kutoka ghorofa ya 78 akiongozwa na mbwa wake. John Abruzzo, aliyepooza mikono na miguu, alishushwa kutoka ghorofa ya 69 na wenzake kumi waliopokezana, kwa kiti maalumu cha ngazi; ilichukua kama saa moja na nusu. Edward Beyea, aliyetumia kiti mwendo, alikuwa ghorofa ya 27 tu. Alisubiri waokoaji, na rafiki yake Abe Zelmanowitz akakataa kumwacha. Wote wawili walifia humo.

Aliyekuwa chini zaidi ndiye hakutoka. Sisemi kusubiri ni kosa siku zote. Minara michache sana duniani huanguka. Nasema idadi ya ghorofa peke yake haikuambii njia ipi ni salama. Angalia una kifaa gani, una watu gani, na pale mtu anaposubiri pana kinga gani.

Njia ya kwanza: kushusha huduma chini

Hapa mgeni hapandi kabisa. Ofisi inatenga chumba cha chini chenye mlango mpana, na ofisa anayehitajika anashuka na faili.

Kujulikana: haihitaji kumjua mtu mapema, mradi mapokezi wajue kwamba chumba kipo na wakiseme kabla mgeni hajaanza kupanda.

Moshi na giza: ndiyo njia yenye nguvu kuliko zote kwa mwenye shida ya kutembea. Hakuna ngazi, hakuna lifti. Lakini nenda kautazame mlango wenyewe. Nimeona vyumba vizuri vya chini ambavyo mlango wake wa kutokea una vidaraja viwili, au una kufuli kwa kuogopa wezi na ufunguo anao mtu aliyekwenda Usa River. Nimeona njia ya mteremko iliyogeuzwa maegesho ya bodaboda.

Mikono: mtu mmoja wa kufungua mlango.

Fedha: meza, viti, simu ya ndani, na mteremko wa zege kama haupo. Kuutunza ni kukataza watu kuweka maboksi ya karatasi.

Heshima: hapa ndipo penye utata. Wapo wanaoshukuru, na wapo wanaosema, kwa haki kabisa, kwamba wamechoka kupokelewa kwenye korido kama wauza karanga. Mama mmoja wa Moshi anayetembelea magongo aliniambia alisubiri ofisa "anayeshuka sasa hivi" mpaka chakula cha mchana kikapita. Kama ofisa hashuki kweli ndani ya dakika chache, njia hii ni ubaguzi uliopakwa rangi ya usalama. Pia haimsaidii kiziwi hata kidogo: awe chini au juu, bila mtu wa kumgusa bega hatajua kengele imelia.

Inafaa ofisi za huduma za kila siku, yaani malipo, vibali, vyeti na malalamiko. Haifai pale ambapo jambo lenyewe liko juu: ukumbi wa mkutano, chumba cha mahakama, maktaba.

Njia ya pili: mahali salama pa kusubiri

Hapa mgeni anasogea kwenye ghorofa ileile hadi sehemu iliyokingwa na moto, kwa kawaida ndani ya ngazi zilizozungushiwa kuta au kando yake, anasubiri dakika chache msongamano upungue au wasaidizi wafike, kisha anashushwa. Sikiliza neno *kisha*. Mwongozo wa Uingereza wa usalama wa moto majengoni, BS 9999, unaotaka nafasi ya kiti mwendo isiyopungua milimita 900 kwa 1,400, hauchukulii mahali hapa kuwa mwisho wa safari. Ni kituo. Jengo lenyewe linatakiwa liwe na mpango wa kummalizia mtu safari yake bila kungoja gari la zimamoto.

Kujulikana: nzuri sana. Alama ikiwa wazi, hata mgeni ambaye hukumuuliza anaweza kujipeleka mwenyewe.

Moshi na giza: inategemea jengo, na naomba tukae hapa kidogo. Sehemu hii ina maana pale tu ambapo kuta na milango vinazuia moto kwa muda, milango inajifunga yenyewe, na moshi hauingii. Sasa tembea katikati ya Arusha au Moshi uangalie ngazi zetu. Nyingi ziko wazi kuanzia chini hadi juu, hazina mlango hata mmoja, nzuri kwa kuingiza upepo. Moto ukiwaka chini, ngazi hizo ni bomba. Moshi (si ule mji) hupanda na kujaa hapohapo kwenye kibaraza cha ngazi. Ukichora alama ya kiti mwendo sakafuni mahali hapo umemwelekeza mtu akakae ndani ya dohani. Nimeiona alama ya namna hiyo, mpya, inang'aa, na mchoraji alikuwa na nia njema kabisa.

Pawe pia na njia ya kuzungumza: simu ya ndani yenye betri, au kwa uchache namba ya simu ya msimamizi iliyobandikwa ukutani kwa maandishi makubwa. Kusubiri bila kujua kama kuna anayejua uko hapo ni mateso. Yule mgeni wetu alikuwa na namba yangu kwa bahati tu.

Mikono: michache mwanzoni, ila mtu mmoja lazima awe na kazi moja tu, kupita kila mahali pa kusubiri na kutoa taarifa nani yupo. Kisha wanahitajika wa kumshusha, na hapo unarudi kwenye njia ya tatu au ya nne.

Fedha: kwenye jengo jipya ni sehemu ya ramani, hutaisikia sana. Kwenye jengo la zamani, kuzungushia ngazi kuta na kuweka milango ya kuzuia moto ni mradi mkubwa. Mwite mhandisi na maofisa wa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji kabla ya fundi.

Heshima: wengine hutulia wakijua hawatakanyagana na umati. Wengine husikia "subiri hapa" na moyo unawadunda. Waambie ukweli: utasubiri muda gani, nani anakuja.

Hospitali zina namna yao ya njia hii. Mgonjwa hashushwi, kitanda kinasukumwa kupita mlango wa kuzuia moto hadi wodi ya jirani, ghorofa ileile, na kushuka kunakuja baadaye kama moto haujadhibitiwa. Kwa jengo lenye watu wengi wasiotembea kwa pamoja sijaona wazo bora zaidi, mradi ile milango isiwe imewekewa tofali ibaki wazi ili hewa ipite.

Njia ya tatu: kiti cha kushushia ngazi

Ni kiti chepesi cha kukunja kinachoning'inizwa ukutani karibu na ngazi. Chini kina mikanda inayoteleza juu ya kingo za ngazi kwa msuguano, kwa hiyo uzito wa aliyekaa ndio unaokikamatisha. Hakihitaji umeme. Mtu mmoja aliyefunzwa anaweza kumshusha mwenzake mzito kuliko yeye, bila kumnyanyua. Ndicho kilichomtoa Abruzzo.

Kujulikana: kifaa kiko palepale, mgeni awe ametarajiwa au la. Lakini kama hukumuuliza, unaweza kumhamishia kwenye kiti mtu ambaye mgongo wake hauruhusu kukunjwa hivyo. Si kila mwili unakaa kwenye kiti hiki, na mwenye kujua ni yeye.

Moshi na giza: kinafanya kazi gizani kama mwendeshaji amezoea. Hakipendi ngazi za kuzunguka wala zile ambazo fundi alijenga kila moja na kimo chake, nazo tunazo. Na kinahitaji nafasi ya kugeukia kwenye kila kibaraza. Usinunue kabla ya kupima ngazi zako.

Mikono: mmoja wa kushusha, mmoja wa kusaidia kuhamisha mtu. Mafunzo lazima yarudiwe. Sisi tulifanya mazoezi kwa gunia la mahindi la kilo tisini, tumelifunga mikanda ya kiti na kulivalisha kofia ya ofisi. Kwa siku mbili za mwanzo gunia lilianguka mara tatu. Ndipo kila mtu akaelewa kwa nini hatukuanza na binadamu.

Fedha: hapa ndipo wengi wanapofunga daftari. Bei ni ya mamilioni ya shilingi kwa kimoja, huagizwa kutoka nje, na jengo la ghorofa nne lenye ngazi mbili halitoshwi na kimoja. Kisipokaguliwa mikanda hukakamaa. Nimeona kimoja bado kimefungwa nailoni ya kiwandani, nyuma ya mlango wa stoo.

Heshima: mgeni anashuka ameketi, anaangalia mbele, anaongea na wewe. Ni bora mara kumi kuliko kushikwa kwapa na miguu. Ila kuna jambo linalosahaulika kila mara: kiti mwendo chake kimebaki juu. Ukimfikisha chini, utamweka wapi? Kwenye nyasi? Weka kiti mwendo cha akiba karibu na mlango wa kutokea, au mtaje mtu wa kushusha cha kwake mara njia inapokuwa salama. Cha umeme usijaribu kukibeba. Betri na fremu peke yake zinaweza kuvunja mgongo wa mtu.

Walioko Moshi wana bahati moja: pale hospitali ya KCMC kuna chuo cha TATCOT, kinachofundisha mafundi wa viungo bandia na vifaa saidizi tangu miaka ya 1980. Watu wa fani hiyo, na wa tiba ya viungo, wanajua kumhamisha mtu bila kumuumiza kuliko muuzaji yeyote wa vifaa. Kaombe ushauri kabla ya kulipa.

Njia ya nne: msindikizaji

Kila ghorofa ina watu wawili ambao kazi yao kengele inapolia ni kumfuata mgeni aliyesema atahitaji msaada. Ni njia ya kale, ndiyo tuliyozoea, na kwa sababu hiyo hufanywa ovyo.

Kujulikana: hapa ndipo udhaifu wake ulipo. Bila lile swali la mapokezi, msindikizaji hana wa kumsindikiza. Angalau mpe kazi ya kupekua vyoo na vyumba vya mikutano wakati wa kutoka.

Moshi na giza: mtu hahitaji umeme, anahitaji tochi. Kwa kiziwi na asiyeona hakuna njia inayoizidi hii. Kiziwi: mwendee mbele yake, washa na kuzima taa kama umeme upo, mguse bega, mwonyeshe kadi yenye maandishi makubwa "DHARURA. TOKA NJE. NIFUATE." Asiyeona: usimvute mkono. Jitambulishe, mpe kiwiko ashike yeye, tembea nusu hatua mbele, mwambie "ngazi zinaanza, zinashuka, kumi na mbili". Usimnyang'anye fimbo nyeupe.

Kwa asiyetembea, kumbeba kwa mikono ni hatua ya mwisho. Watu wetu hupenda kukimbilia kiti cha plastiki: wanne, kila mmoja na mguu wake. Miguu hiyo huteguka. Afadhali kiti cha mbao kigumu, au wawili waliofunzwa kushikana mikono. Na usinyanyue kiti mwendo kwa kushika sehemu za kuwekea mikono au miguu. Vingi vimetengenezwa zichomoke, na zitachomoka mkiwa katikati ya ngazi.

Mikono: ndiyo gharama yake yote. Wapangie kwa meza, usiwapangie kwa majina. Ukiandika jina la mtu, siku ya moto atakuwa likizo Rombo. Ukiandika "anayekaa meza ya mapokezi ghorofa ya pili", yeyote atakayekuwa hapo anajua ni yeye.

Fedha: ndogo kuliko zote. Siku ya mafunzo, fulana za kung'aa, tochi, na ndoo ya rangi ya njano kwa kingo za ngazi, ambayo itamsaidia mwenye ualbino na kila mtu mwingine.

Heshima: ni ya mtu na mtu, kwa hiyo inategemea mtu. Msindikizaji mwenye adabu huanza na "Shikamoo mzee, nikusaidieje?" hata kama moshi unanusika. Sekunde mbili hizo hazichelewi kitu.

Kulingana na hali yako

Una ofisi ya umma ya ghorofa mbili au tatu, haina lifti, foleni kila siku: shusha huduma chini, na weka wasindikizaji kwa ajili ya viziwi, wasioona na wale ambao lazima wapande. Fedha ya kiti cha ngazi itumie kwanza kwenye mteremko na mlango wa chini.

Una hoteli au jengo la mikutano la ghorofa nyingi, na Arusha, kwa wageni wanaoletwa hapa na Jumuiya ya Afrika Mashariki, Mahakama ya Afrika na utalii, majengo hayo yapo: kama ngazi zina kuta na milango inayofunga, tenga mahali pa kusubiri na uunganishe na viti vya kushushia. Kimoja bila kingine ni nusu ya kazi. Waandaaji wa mkutano waulize swali lako kwenye fomu ya kujiandikisha, wasisubiri siku yenyewe.

Ngazi zako ziko wazi na huna fedha ya kuzijengea: futa alama yoyote ya mahali pa kusubiri kwenye ngazi. Chagua kati ya kushusha huduma na kiti cha ngazi, kwa kutegemea kama shughuli yako inaweza kuhama au haiwezi.

Una zahanati au hospitali: kusogea mlango hadi mlango kwenye ghorofa ileile, na wagonjwa wasiotembea wawekwe karibu na mlango huo tangu mwanzo.

Una kanisa au msikiti wenye roshani, au ukumbi wa harusi: wasindikizaji, basi. Waumini wanajuana, wazee wa kanisa au vijana wa msikiti wanajua nani anakaa wapi. Usiwapange wenye viti mwendo wote mbele kabisa, mbali na mlango, kwa sababu tu picha za harusi hutoka vizuri hapo.

Unahofia tetemeko: hapa kwetu si hadithi. Julai 2007, Oldoinyo Lengai ilipokuwa inachemka, mitikisiko ilisikika mbali sana kutoka kwenye mlima wenyewe. Ardhi inapotikisika hakuna njia kati ya hizi nne inayotumika. Aliye kwenye kiti mwendo afunge breki, ainame, akinge kichwa na shingo. Njia uliyochagua inaanza mtikisiko ukikoma, na hapo lifti ihesabu imekufa.

Na kama ukumbi umekodi kwa siku moja tu, fika nusu saa kabla ya wageni. Uliza ufunguo wa mlango wa nyuma uko kwa nani, kisha uufungue wewe mwenyewe.